Karavani ina taa hafifu, na mlango wake unatia shoti: uchunguzi uanzie wapi?

Mkazi_wa_Luchelele

Habari zenu wakuu. Familia yetu ina karavani ya kuvutwa na gari, iliyonunuliwa ikiwa imetumika na kuletwa kutoka Uingereza. Huwa tunaivuta kwenda Serengeti kwa kupitia lango la Ndabaka, na wakati mwingine wote inakaa uwanjani kwetu Luchelele, karibu na ziwa. Ina mifumo miwili ya umeme: wa volti 12 unaotoka kwenye betri na kuendesha taa za ndani pamoja na pampu ya maji, na wa volti 230 unaoingia kwa kebo kutoka nyumbani na kulisha soketi, chaja ya betri na hita ya maji.

Taa za ndani zina mwanga hafifu, na pampu ikiwaka zinafifia zaidi, ingawa betri ikipimwa inaonyesha volti 12.7. Karavani ikiwa imefungwa kwenye gari, dereva akikanyaga breki, indiketa ya kushoto nayo inawaka kidogo. Jambo la tatu ndilo linalotutia hofu: tukiunganisha umeme wa nyumba baada ya mvua, mtu aliye peku akigusa fremu ya mlango anasikia mwili ukimsisimka. Fundi mmoja ameshauri tununue betri mpya. Kabla ya kutoa fedha hizo, naomba maoni yenu.

Seremala_Kirumba

Mkuu, yote hayo ni kukosa ethi, yaani waya wa kupeleka ardhini umeme uliovuja. Chimbia fimbo ya shaba ardhini, iunganishe na chasi (fremu ya chuma iliyo chini ya karavani), na matatizo yote matatu yataondoka kwa siku moja. Betri yenye volti 12.7 haina kosa.

Rewaya_Nyakato

Ndugu wa Luchelele, pole kwa usumbufu. Kuhusu betri nakubaliana na kaka Seremala, kwa sababu betri ya asidi iliyopumzika na kusoma volti 12.6 hadi 12.8 imejaa, ingawa kipimo hicho peke yake hakionyeshi kama ina nguvu ya kubeba mzigo. Kuhusu fimbo ya shaba sikubaliani naye hata kidogo, angalau kwa matatizo mawili ya kwanza. Mkondo wa volti 12 hauhitaji udongo. Unatoka chanya ya betri na ni lazima urudi kwenye hasi ya betri ileile, na katika matela mengi sehemu ya njia hiyo ya kurudi ni chasi yenyewe. Mahali waya wa hasi unapofungwa kwenye chasi kwa boliti pakiingia kutu, umeme unapita kwa shida, na volti zinapotea hapo badala ya kufika kwenye taa.

Ziwa letu ni la maji baridi, kwa hiyo msilitupie lawama zote. Karavani iliyoishi Uingereza imepita kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa baridi ili barafu isigande, na chumvi hiyo hujificha kwenye viungo vya chuma na kuendelea kuvila hata baada ya gari kuvuka bahari.

Msibadilishe kitu chochote kwa kukisia. Chukueni multimita (kifaa cha kupimia umeme), iwekeni kwenye volti za DC, yaani umeme wa betri, washeni pampu na taa zote, kisha pimeni volti kati ya hasi ya betri na waya wa hasi unaoingia kwenye pampu. Kipimo hiki lazima kifanyike mzigo ukiwa unafanya kazi, kwa kuwa bila mkondo kupita hata boliti iliyooza itaonekana nzima. Mkiona volti 0.1 au 0.2, upande huo ni mzima. Mkiona volti moja au zaidi, fuateni waya huo hatua kwa hatua, na pale kipimo kinaporuka kwa ghafla ndipo penye ugonjwa. Rudieni vivyo hivyo upande wa chanya, kuanzia kichwa cha chanya cha betri hadi chanya ya pampu.

Angalieni pia unene wa nyaya, hasa kama kuna mtu aliyezibadilisha huku. Waya wa shaba wa milimita mraba 1.5, wenye urefu wa mita 6 kwenda na mita 6 kurudi, una ukinzani wa omu 0.14 hivi, na pampu ikivuta ampea 8 mtapoteza zaidi ya volti moja njiani hata kama viungo vyote vinang'aa. Katika volti 230 hasara hiyo haionekani. Katika volti 12 ni karibu sehemu ya kumi ya umeme wote.

Indiketa inayowaka kwa breki ni dalili ya ugonjwa wa aina hiyohiyo, ila mahali pengine. Taa za nyuma zikikosa njia nzuri ya kurudi, mkondo wa breki hutafuta mlango wa uani kupitia balbu ya jirani. Kwenye plagi ya pini saba ya Kiingereza, pini ya tatu yenye waya mweupe ndiyo hasi ya taa za nje. Ifungueni na kuisafisha, mtazame pia waya huo ndani ya plagi kama umekatika nyuzi, halafu mkague boliti ya hasi karibu na taa ya kushoto.

Fundi_Mama_Igoma

Mimi nafunga umeme wa majumbani, kwa hiyo nitazungumzia mlango tu, na ningeomba jambo hili litangulie yote yaliyoandikwa hapo juu. Chomoeni kebo ya volti 230 leo, na isirudishwe mpaka mmepata sababu.

Kwanza kagueni kebo yenyewe, ikiwa imechomolewa pande zote mbili. Ekstensheni nyingi zinazouzwa mitaani zina nyaya mbili tu ndani, na plagi yake ya pini tatu inamdanganya mnunuzi. Pimeni kwa multimita kama pini ya ethi ya upande wa nyumba inawasiliana na chuma cha chasi kupitia kebo nzima. Inatakiwa isome chini ya omu moja. Ikionyesha kwamba hakuna mawasiliano, basi karavani yenu imekaa juu ya matairi ya mpira bila kinga yoyote. Chaja za kisasa zina vichujio vinavyovujisha umeme kidogo kwenda kwenye chuma, na ethi ikikosekana chasi inaweza kusoma hata volti 115 hivi, nusu ya volti 230. Mkondo wa vichujio ni mdogo na unasisimua tu, lakini kwa mkono huwezi kuutofautisha na waya uliochubuka unaoweza kuua.

Kaka Seremala, fimbo ya shaba isiyo na kinga nyingine haitoshi, na kwa mji wetu naisema kwa msisitizo. Mwanza ni mawe, na sehemu nyingi fimbo inagota kwenye mwamba kabla ya kufika kwenye udongo wenye unyevu. Tuseme mmebahatika mkapata ukinzani wa omu 50. Waya wa moto ukigusa chasi, utapita mkondo wa ampea 4.6 tu, ambao hautakata breka ya ampea 16 wala fyuzi ya ampea 13, na mlango utaendelea kuwa na moto. Kinachookoa maisha hapo ni RCCB ya miliampea 30, ambayo hulinganisha umeme unaoingia na unaotoka na kukata tofauti ikitokea. Karavani za Uingereza kwa kawaida huwa nayo kwenye boksi la breka. Mkisharudisha umeme, ibonyezeni kitufe chake cha majaribio; isipokata, ibadilishwe. Na kama kuna fundi aliyeiruka kwa waya kwa sababu "inasumbua", mwiteni aje aondoe waya wake.

Mkazi_wa_Luchelele

Nawashukuru sana. Kebo ilikuwa na nyaya mbili, kama mama alivyohisi. Tumenunua ya nyaya tatu za milimita mraba 2.5, na kitufe cha RCCB kinakata vizuri.

Upande wa volti 12, pampu ikiwa inafanya kazi, betri ilisoma 12.4 na pampu ikapata 10.3 tu. Upande wa chanya ulipoteza 0.3, upande wa hasi 1.8. Boliti iliyo chini ya sakafu, nyuma ya gurudumu, ilikuwa na ukoko mweupe na wa kijani. Tumekwangua kwa msasa hadi chuma kikang'aa, tukaweka kichwa kipya cha waya na kupaka grisi, na sasa pampu inapata volti 12.0. Pini ya tatu nayo imesafishwa, na indiketa imetulia.

Limebaki jambo moja jipya: tangu tuweke kebo yenye ethi, RCCB inakata kila tunapowasha hita ya maji. Je, kebo mpya ina hitilafu?

Fundi_Mama_Igoma

Kebo yenu ni nzima, imefichua kilichokuwepo. Zamani umeme uliovuja kwenye hita haukuwa na pa kwenda isipokuwa kwenye miili yenu, sasa umepata njia na RCCB inauona. Unga unaozunguka waya unaopata joto ndani ya elementi (bomba la hita linalochemsha maji) hunyonya unyevu hita ikikaa muda mrefu bila kutumika. Chomoeni kebo, kisha toeni nyaya zote mbili za elementi, si ule wa moto peke yake, kwa kuwa uvujaji wa upande wa nyutro (waya wa kurudisha umeme) pia hukata RCCB. Mwiteni fundi mwenye mega, kifaa cha kupimia uvujaji wa umeme, apime kwa volti 500 kati ya vichwa vya elementi na bomba lake. Ikisoma chini ya megaomu moja, nunueni elementi nyingine. Ncha za nyaya mlizotoa zifungwe kwenye konekta, na hapo mnaweza kuwasha soketi na chaja huku mkimsubiri.