Kiinitete cha milimita 4 bila mapigo ya moyo: je, mimba imeshaharibika?

Bint Faza:
Asalaam aleikum. Nikihesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi yangu ya mwisho, ujauzito wangu umetimiza wiki 7. Juzi nilivuka kwa boti hadi Amu (mji wa Lamu) nikapigwa picha ya ndani (ultrasound ya ukeni), nikaambiwa kwamba mfuko unaozunguka kiinitete uko mahali pake na kiinitete chenyewe kina milimita 4, ila mapigo ya moyo hayakuonekana, kisha nikatakiwa nirudi baada ya siku 10 bila maelezo zaidi. Sina damu wala maumivu, na kichefuchefu kingalipo. Niliacha sindano ya kupanga uzazi mwaka huu na hedhi haijapata kutulia. Mavyaa anashikilia kwamba ni misukosuko ya boti katika bahari ya kusi. Jirani anasema ni zongo, yaani jicho la husuda. Je, nikate tamaa? Na ikiwa imeharibika, ni mimi niliyeiharibu?

Mkunga wa Malindi:
Waaleikum salaam, dada yangu. Aliyekwambia urudi amefanya sawa, ingawa alipaswa kukueleza sababu. Kwa picha ya ndani, moyo huanza kuonekana ukidunda karibu na wiki ya 6, lakini kiinitete kisichofika milimita 7 kinaweza kuwa hai na mapigo yake yasionekane bado, na ndiyo maana daktari makini hatamki kwamba mimba imekufa mpaka kipimo kifike milimita 7 au zaidi bila mapigo, au mfuko ufike milimita 25 bila kiinitete ndani yake. Wewe hujafika huko. Tena hesabu ya wiki 7 inachukulia kwamba yai lilitoka takriban siku ya 14, jambo ambalo kwa mtu aliyetoka kwenye sindano halina uhakika. Huenda una wiki 6 tu. Siwezi kukuahidi kwamba moyo utaonekana, kwani kiinitete kidogo kuliko hesabu wakati mwingine huwa ni dalili mbaya. Hata hivyo, usikubali vidonge vya kusafisha kizazi kabla ya kipimo cha pili.

Kuhusu boti, hapana. Karibu nusu ya mimba zinazotoka katika miezi 3 ya kwanza huwa na kasoro za kromosomu zilizotokea tangu yai na mbegu zilipokutana, kabla hujapanda chombo chochote.

Mama wa Shela:
Mimi kiinitete changu kilikuwa na milimita 9, na madaktari wawili walitazama kwa nyakati tofauti wasione mapigo. Kichefuchefu kiliendelea kwa siku kadhaa baadaye, kwa hiyo, mwanangu, usikifanye kipimo. Nilichagua vidonge badala ya kusubiri itoke yenyewe au kufyonzwa hospitalini, na hakuna aliyeniambia kwamba maumivu yangezidi ya hedhi kwa mbali. Lililoniuma zaidi ni wanawake waliokuja kunipa pole wakisema kwamba hakikuwa mtoto bado. Mimi nilikuwa nimeshakihesabia mwezi wa kuzaliwa.

Bint Faza:
Ahsanteni sana. Na damu ikianza usiku huku kisiwani, nitajuaje kwamba siwezi kungoja asubuhi?

Mkunga wa Malindi:
Matone machache yanaweza kungoja. Usingoje ikiwa unalowesha pedi 2 kwa saa kwa muda wa saa 2 mfululizo, ukipata homa, uchafu wenye harufu mbaya, kizunguzungu cha kuanguka au maumivu makali ya upande mmoja, ijapokuwa kwa kuwa kiinitete kimeonekana ndani ya mji wa mimba, hofu ya mimba ya nje imepungua sana. Ulizia pia kundi lako la damu. Ikiwa ni hasi (Rh hasi), mwambie daktari mapema, kwani huenda ukahitaji sindano ya kuwalinda watoto wa mimba zijazo, si ile ya kupanga uzazi. Na kama una jamaa Amu, nenda ukalale kwao siku moja au mbili kabla ya kipimo, kwa sababu kusi ikichafuka boti hazitoki.