Eti "ranwei ni lami tu"? Yule wa miwani aje hapa ajibu!

Mawe_ya_Ilemela (mleta mada):
Wakuu, simtaji. Mnamjua. Yule anayevaa miwani nyeusi mpaka usiku, anayejiita Kepteni kwa sababu ana kompyuta na usukani wa plastiki. Watu wanajadili kwa heshima viwanja vya ndege vyenye ramani ngumu kwa marubani, yeye anaingia na mstari mmoja: "Ranwei ni lami tu. Ukiikosa, hamia daladala za Igoma." Chini kaweka vicheko vitatu.

Lami tu! Ranwei, njia ya ndege kurukia na kutulia, eti lami tu!

Haya, aende Courchevel kule Ufaransa na lami yake. Mita 537, mteremko asilimia 18.6. Unatua ukipanda, unaruka ukishuka, na ukishakaribia hakuna kughairi maana mbele ni mlima. Ranwei inayopanda inadanganya macho: unajiona uko juu mno, unashusha pua, kumbe ulikuwa sawa na sasa uko chini. Ranwei nyembamba ina uongo huo huo. Madeira je? Sehemu ya ranwei imesimama juu ya nguzo 180. Lami iko hewani, mwambieni.

Gibraltar barabara ya mjini inakatiza ranwei. Mpaka handaki lilipofunguliwa 2023, magari yalikuwa yanasimama kwenye taa kupisha ndege, kama Mabatini vile, ila anayepishwa ana mabawa.

Vicheko vitatu, wakuu. Nimehesabu!

Na San Francisco, Julai 2017, usiku. Kuna ranwei mbili sambamba, 28L ya kushoto na 28R ya kulia. 28L imefungwa, taa zimezimwa. Marubani wanaona 28R wanadhani ndiyo 28L, kwa hiyo teksiwei C iliyo pembeni, njia ya ndege kutembelea ardhini tu, wanaichukua kama 28R. Juu ya teksiwei hiyo ndege nne zimepanga foleni zikisubiri kuruka. Walipaa upya wakiwa kama futi 60 tu kutoka ardhini. Pale lami haikukosekana. Lami zilikuwa tatu!

Halafu mtu anakuja na "lami tu". Nimeshindwa hata kula.

Dagaa_wa_Jana:
Povu hili linatosha kuosha mabasi yote ya stendi ya Nyegezi.

Mnara_Kimya:
Mleta mada kunywa maji kwanza. Ila hoja unayo, na umeruka mfano mzito kuliko yote: kiwanja cha Linate, Milano, Oktoba 2001. Ukungu mzito, ndege ndogo inaambiwa ipite teksiwei R5, inaingia R6, ambayo inakatiza ranwei. Rubani alitaja alama ya S4 aliyoiona chini, mwongoza ndege hakuijua kwa sababu haikuwa kwenye ramani zake. Rada ya ardhini haikuwa inafanya kazi. Ikagongana na ndege ya abiria iliyokuwa inaruka, watu 118 wakafa. Hapo hakuna cha kuchekea.

Fundi_Taa:
Kwa faida ya wa miwani, maana najua anasoma kimyakimya. Taa za kingo za ranwei ni nyeupe. Za kingo za teksiwei ni bluu, za katikati yake kijani. Ukiona bluu kushoto na kulia halafu unasukuma moto uruke, umepotea. Kibao cheusi chenye herufi ya njano kinakwambia ulipo, cha njano chenye herufi nyeusi kinakuonyesha uendako, chekundu ni mlango wa ranwei: huingii bila ruhusa ya mnara. Na ile mistari minne ya njano iliyochorwa chini, teksiwei inapokaribia ranwei: ukikutana kwanza na miwili isiyokatika, funga breki. Ukikutana kwanza na ya vipande, wewe unatoka kwenye ranwei, pita, na usisimame mpaka mkia nao uwe umevuka.

Kepteni_Shikamoo:
Marahaba. Ila mnalilia lami wakati sisi tunaohesabu mafuta tunalia kivyetu. Amsterdam wana ranwei ya Polderbaan, mita 3,800, ndefu kuliko daraja letu la Kigongo–Busisi, na wameitupa mbali na jengo la abiria hadi ndege inapita juu ya barabara kuu kuifikia. Kuiendea tu inaweza kuchukua dakika 20. Hiyo siyo ranwei, hiyo ni wilaya.

Mtoto_wa_Pasiansi:
Samahani wakubwa, mbona ramani inaonyesha Mwanza tuna ranwei ya 30? Hizo 29 zingine zimejengwa wapi?

Dagaa_wa_Jana:
😂😂😂 Ziko chini ya ziwa mkuu.

Mawe_ya_Ilemela:
Unaona! Hawa ndio wanafunzi wa LAMI TU!

Fundi_Taa:
Mdogo wangu, ni lami moja yenye majina mawili, 12 na 30. Ni uelekeo wa dira, sifuri ya mwisho imetolewa: karibu digrii 120 ukija upande huu, karibu 300 upande ule. Tofauti ni 18 daima.

Mnara_Kimya:
Na lami ya Mwanza iko kama mita 1,147 juu ya usawa wa bahari. Joto likifika 30 mchana hewa inakuwa nyepesi, injini na mabawa vinajiona viko futi 6,400 hivi (kama mita 1,950). Kipimo kinasoma kasi ile ile ya siku zote, lakini chini unakimbia karibu asilimia 10 zaidi, mita zinaliwa. Usiku ukija kupitia juu ya ziwa huoni kitu, giza linakushawishi ushuke mapema. Tazama zile taa nne za pembeni mwa ranwei: mbili nyeupe mbili nyekundu, sawa. Zote nyekundu, uko chini mno.

Kepteni_Shikamoo:
Umesahau korongo. Wale hawasomi vibao.

Dagaa_wa_Jana:
Na wadudu wa ziwani, wingu zima linasimama kama moshi. Kioo kinakuwa uji.

Mama_Kivuko:
Mimi kero yangu ni abiria. Kiwanja kisicho na teksiwei sambamba, ndege ikitua inaenda mpaka mwisho, inageuka, inarudi juu ya ranwei ile ile, na anayefuata anazungushwa juu ya ziwa akisubiri. Sasa ndege iko kwenye kugeuka, watu wameshasimama wanashusha mabegi!

Mawe_ya_Ilemela:
Jamani mada ni LAMI TU. Vicheko vitatu!

Kepteni_Shikamoo:
Mama umegusa penyewe. Mwenye ndoo ya sato iliyochuruza yeye ndiye anasimama wa kwanza.

Mama_Kivuko:
Na ndoo yenyewe haina mfuniko.