Naomba ushauri: mlio wa mlango kwenye mchezo wa redio wa kutisha

Habari zenu wakuu, naombeni msaada. Tunarekodi mchezo wa redio wa kutisha na nataka uwe na ladha ya Inner Sanctum, kile kipindi cha redio cha kutisha cha Marekani kilichoanza 1941, mlango unalia kriiii taratibu halafu mtangazaji wake Raymond anakukaribisha kwa upole huku anapiga utani wa maiti, yani ule upole ndo unatisha kuliko makelele. Kabichi la kukata kwa kisu ili isikike kama kichwa kinakatwa, kama walivyofanya Lights Out (kipindi kingine cha redio cha kutisha cha Marekani), limekubali vizuri sana, ila mlango umegoma, nimejaribu bawaba kavu na kiti cha mbao kibovu, vyote vinasikika vyembamba. Maiki niiweke wapi ili mlio uwe mzito? Na msimulizi aanze mlio ukiendelea au asubiri uishe?