Sloti: kununua bonasi, kupandisha dau, au kusubiri skata zije zenyewe?

Mkazi_wa_Sinza
Wakuu habari za jioni. Mimi ni mtu wa mikeka, huku kwenye sloti nimeingia baada ya ligi kusimama. Nacheza Sweet Bonanza, ile ya peremende na matunda ya Pragmatic Play. Dau langu ni 400 kwa mzunguko. Sasa pembeni kuna vitufe viwili vinanitoa macho. Kimoja nikikibonyeza nalipa mara 100 ya dau, yaani 40,000, na napelekwa moja kwa moja kwenye mizunguko ya bure, ndiyo bonasi yenyewe, bila kusubiri skata, zile alama maalumu zinazoifungua. Kingine kinapandisha dau hadi 500 na kudai nafasi ya kupata bonasi inakuwa maradufu.

Kijiweni wamegawanyika. Mmoja anasema kusubiri ni ushamba, mwingine anasema kununua ni kujichinja mwenyewe. Naomba ulinganisho wa wanaojua. Wale wa "acha kamari kijana" nawaheshimu sana, ila leo naomba tu hesabu.

Hesabu_Haidanganyi
Mkuu, anza na kitu kimoja: asilimia ya marejesho, ile wanayoiita RTP. Kwa Sweet Bonanza toleo la juu ni kama 96.5. Maana yake kila 100 inayozungushwa, kwa muda mrefu sana, 96.5 inarudi kwa wachezaji na 3.5 inabaki kwa nyumba, yaani kampuni. Ukicheza kawaida, ukipandisha hadi 500 au ukinunua, asilimia ni ile ile, tofauti ni nukta tu. Kwa hiyo anayekwambia kununua kuna "faida" na anayekwambia ni wizi wote wanabishana hewani.

Kinachobadilika ni kasi. Piga hesabu:

Kawaida, 400 kwa mzunguko, mizunguko 600 kwa saa (ukiwa na kidole chepesi). Umezungusha 240,000. Asilimia 3.5 yake ni 8,400. Hiyo ndiyo bei ya saa yako kwa wastani.

Kwa 500, mizunguko ile ile: umezungusha 300,000, bei ni 10,500.

Kununua mara kumi kwa saa, na saa haijaisha: umezungusha 400,000, bei ni 14,000.

Huo ni wastani. Siku yako wewe inaweza kuwa mbali kabisa na wastani, juu au chini, na kwa kununua inakuwa mbali zaidi.

Mtoto_wa_Kisauni
Hesabu ni nzuri lakini bwana haijasema mtu anaona nini akinunua. Ngoja nieleze mimi, maana watu husikia "mizunguko ya bure" wakadhani wamepewa zawadi.

Unalipa. Skata nne zinatua, zile pipi za kijiti. Skata nne zenyewe hulipa mara 3 ya dau, kwa hivyo kwa dau la 400 ushahakikishiwa 1,200 katika zile 40,000. Hicho ndicho kiwango cha chini unachojua kwa yakini. Kisha mizunguko 10. Ndani ya hiyo mizunguko huanguka mabomu ya rangi yenye vizidishi, x2, x5, x25, hata x100. Hapo moyo unaruka. Lakini bomu halilipi lenyewe! Lazima mzunguko ule ule uwe na ushindi, alama nane au zaidi za aina moja, ndio bomu lizidishe. Nimeona x50 inatua kwenye skrini ambayo ndizi ni saba. Saba! Bomu limelipuka bure, mzunguko umekwisha, hesabu ya mizunguko iliyobaki imeruka kutoka 6 kwenda 5.

Ununuzi mwingi wallahi haurudishi hata nusu. Halafu unakuja mmoja unaorudisha mara mia mbili, na huo ndio hupigwa picha ukatumwa kwenye magrupu ya WhatsApp.

Hesabu_Haidanganyi
@Mtoto_wa_Kisauni umemaliza. Ndiyo maana wastani wa 96.5 unadanganya jicho. Wastani unabebwa na vimbunga vichache, yaani ushindi mkubwa wa nadra.

Kaka_Mbagala
Mimi natofautiana kidogo. Mashine hizi huwa zinashiba. Ukiona umezungusha muda mrefu haitoi kitu, ujue imeshiba, hapo ndipo unapandisha dau ikutapikie. Ukipanda kabla haijashiba unaliwa.

Hesabu_Haidanganyi
Hapana mkuu. Kila mzunguko unaamuliwa na namba ya nasibu inayotolewa palepale unapobonyeza. Mzunguko uliopita haujui huu, na huu hauna habari na dau lako la jana. Kama haijatoa skata kwa mizunguko 300, nafasi ya mzunguko wa 301 ni ile ile ya mzunguko wa kwanza. Unachofanya ukipandisha hapo ni kuweka pesa nyingi zaidi kwenye nafasi isiyobadilika, tena salio likiwa limeshapungua.

Fundi_Bisibisi
@Kaka_Mbagala hajatoa hilo hewani, amelitoa kwenye madubwi. Mimi nimezifungua sana hizo mashine za Mchina za vijiweni, za sarafu ya 200, kwa hiyo niseme.

Dubwi siyo sloti ya mtandaoni. Pale unachagua mwenyewe: vitufe vya tufaha, chungwa, kengele, tikiti, nyota, 77, BAR. Taa inakimbia kuzunguka pembeni, ikisimama kwenye picha uliyoiwekea unalipwa. Tufaha ni mara 5, BAR ndiyo kubwa. Ukishinda, inakuuliza kama unataka kudabo kwa kubahatisha kubwa au ndogo. Ndani ya boksi kuna ubao, na kwenye ubao kuna mpangilio wa ugumu ambao mwenye mashine anaweza kuubadilisha. Kwa hiyo ukihisi wiki hii dubwi la kona "limekaza", inawezekana kweli limekazwa! Hakuna ukurasa wowote wa kusoma asilimia, na hakuna wa kumuuliza.

Ukija kwenye sloti ya mtandaoni na akili hiyo ya dubwi utapoteza sana, kwa sababu mle hakuna mtu nyuma ya pazia anayekukazia wewe binafsi. Asilimia imeshapangwa kwa wote.

Mtoto_wa_Kisauni
Huku kwetu Kenya yalikuwa ya shilingi ishirini, mpaka watoto wa shule wakawa wanapitia na pesa ya chakula. Serikali ikayakusanya ikayachoma moto.

Mbongo_Leicester
Habari kutoka Uingereza. Kwetu hiki kitufe cha kununua bonasi hakipo kabisa. Msimamizi wa michezo ya kubahatisha wa hapa alikikataa mwaka 2019. Ukifungua mchezo ule ule wa peremende kwenye tovuti yenye leseni ya hapa, sehemu ile iko tupu. Oktoba 2021 wakaongeza: mzunguko usiwe chini ya sekunde 2.5, na kuzungusha kwa otomatiki marufuku. Pia wakakataza mashine kupiga muziki wa ushindi pale unapolipwa kidogo kuliko dau lako. Hili la muziki naona watu hawalizungumzii. Umeweka 400, umerudishiwa 120, taa zinawaka na kengele zinalia kana kwamba umeshinda. Umepoteza 280!

Halafu 2025 wakaweka kikomo cha dau lenyewe: pauni 5 kwa mzunguko kuanzia Aprili, na pauni 2 kwa vijana wa miaka 18 hadi 24 kuanzia Mei. Ujerumani ni kali zaidi, euro 1 na sekunde 5 kwa mzunguko tangu 2021.

Sasa linganisha na @Mkazi_wa_Sinza mwenye kitufe cha 40,000 kwa bonyezo moja. Hizo ni zaidi ya pauni 10 kwa sekunde chache. Hapa haiwezekani hata kwa mtu mzima tajiri.

Mkazi_wa_Sinza
Asanteni, mmenifungua. Ila bado kwenye dau. Nina salio la 20,000. Je, 400 ni sawa au nishuke? Na wanaosema dau kubwa ndilo linapata bonasi kubwa, kuna ukweli?

Hesabu_Haidanganyi
20,000 kwa 400 ni mizunguko 50 kama hakuna kinachorudi. Kwenye Sweet Bonanza skata nne hutua kwa wastani baada ya mamia ya mizunguko. Kwa salio hilo unaweza kumaliza jioni hujaiona bonasi hata mara moja, na hiyo itakuwa jioni ya kawaida kabisa. Kama lengo ni kuiona, shuka hadi 100 au chini zaidi.

Au badilisha mchezo. Starburst ya NetEnt marejesho yake ni 96.09, yaani chini kidogo, lakini ni mpole. Haina mizunguko ya bure. Nyota ikitua kwenye nguzo (safu wima za alama) tatu za katikati inatanuka nguzo nzima na kukupa mzunguko wa marudio. Inalipa kidogokidogo, salio linashuka kama maji kwenye ndoo yenye tundu dogo. Book of Dead ya Play'n GO ni 96.21 na ni kinyume chake: ukame mrefu, halafu mizunguko 10 yenye alama moja inayotanuka. Ikichaguliwa alama kubwa unacheka, ikichaguliwa herufi unapata nauli.

Book of Dead ina kitu kimoja cha ajabu: ukishinda unaweza kubahatisha rangi ya karata upate mara mbili, au aina ya karata upate mara nne. Kimahesabu hicho kipengele hakina makato ya nyumba: rangi ni nusu kwa nusu kweli, aina ni nafasi moja kati ya nne. Lakini hakipunguzi makato uliyokwisha kulipa kwenye mzunguko, na kinatikisa salio vibaya.

Msambaa_Nevada
Kuhusu dau kubwa: ukweli upo, ila kwa mashine maalumu. Nipo Marekani, Nevada. Mashine za nguzo tatu za zamani, ukiweka sarafu moja au mbili ile zawadi kuu huipati, lazima uweke zote tatu. Megabucks ni mfano, bila dola 3 huchezei jakpoti. Mwaka 2003 ililipa zaidi ya dola milioni 39 pale Excalibur, Las Vegas. Mtu aliyekuwa ameweka dola moja akaona alama zile zile angelia.

Na hapa mashine za senti kwa kawaida zinarudisha kidogo kuliko za dola. Watu wanazikimbilia kwa jina, "senti moja", kumbe mistari 50 kwa senti ni nusu dola kila mzunguko.

Kwenye hizo peremende zenu malipo yote ni dau mara kitu fulani, kwa hiyo ukiongeza dau unaongeza ukubwa wa ushindi na wa hasara kwa kiwango kile kile.

Mbongo_Leicester
Kuna Mega Moolah pia, sloti ya mtandaoni. Jakpoti yake hutokea kwa nasibu, na dau kubwa linaongeza nafasi. Lakini mwaka 2015 mwanajeshi mmoja wa hapa alishinda pauni milioni 13.2 kwa dau la peni 25. Ila marejesho ya mchezo wenyewe ukitoa jakpoti ni kama 88 tu. Yaani nyumba inachukua 12 katika kila 100 wakati unasubiri simba wa mchezo huo akutazame.

Binti_Pangani
Samahani wakubwa, nachanganyikiwa. Hii bonasi mnayosema ndiyo ile ya kujisajili? Mimi nimepewa 10,000 nizungushe mara 35.

Hesabu_Haidanganyi
Hapana dada, hizo ni mbili tofauti. Ya kwako ni ya kampuni. Mara 35 maana yake uzungushe 350,000 kabla ya kutoa. Kwa makato ya 3.5 unategemewa kupoteza 12,250 njiani, ili upate 10,000. Soma pia masharti: mara nyingi yanakataza kununua bonasi ya ndani na yanaweka kikomo cha dau. Ukivunja, ushindi unafutwa.

Binti_Pangani
Mh. Naiacha hapo hapo.

Mtoto_wa_Kisauni
Na jameni, pesa ya sloti isitoke kwenye Fuliza wala mkopo wowote wa simu. Mkopo una ada, mchezo una makato, unalipa mara mbili kabla hujabonyeza.

Kaka_Mbagala
Sawa, la kushiba nimelielewa. Sasa kama yote ni 96.5, kwa nini kwenye tovuti mbili naona mchezo mmoja unakula tofauti?

Hesabu_Haidanganyi
Swali zuri kuliko yote humu. Kwa sababu siyo lazima yote iwe 96.5. Mtengenezaji anauza mchezo mmoja kwa matoleo kadhaa na kampuni inachagua. Gates of Olympus, kwa mfano, ina la 96.50, la 95.51 na la 94.50. Picha zile zile, yule babu mwenye ndevu ni yule yule. Makato yanatoka 3.5 hadi 5.5, zaidi ya nusu tena juu. Tofauti hiyo ya asilimia ni kubwa kuliko tofauti ya asilimia kati ya kununua na kusubiri tuliyobishania tangu mwanzo.

Fungua mchezo, bonyeza herufi "i", teremka hadi karibu na mwisho wa maelezo. Angalia ndani ya akaunti yako, siyo kwenye toleo la majaribio la tovuti nyingine.

Mkazi_wa_Sinza
Nimefungua sasa hivi. Yangu imeandika 94 na pointi. Na kitufe cha kununua nacho 94 na pointi.

Hesabu_Haidanganyi
Basi rudi kwenye hesabu yangu ya kwanza, ile 8,400 ya saa isome kama 13,000 hivi.

Fundi_Bisibisi
Ligi inaanza lini tena?