Mjadala: Mechi za saa nane mchana zifutwe, na kalenda ya ligi ifuate hali ya hewa yetu

Wakuu, salaam.

Nianze na msimamo wangu ili tusizungukane. Kuanzia Desemba hadi Machi, mechi za saa nane mchana zifutwe kwenye ligi yetu, hasa viwanja vya Pwani. Na TFF, shirikisho la soka la Tanzania, pamoja na Bodi ya Ligi waitazame upya kalenda nzima. Joto na mvua vipewe nafasi ya kwanza kwenye kupanga ratiba, televisheni ifuate. Najua wengi mtapinga, ndiyo maana nimeleta hoja tuijadili.

Anayebisha aende uwanja wowote wa ukanda wa joto mwezi wa pili, saa nane, akae jukwaa lisilo na paa, na awaangalie mabeki wa pembeni. Kipindi cha pili kivuli cha jukwaa kuu kinaanza kuingia uwanjani upande mmoja. Beki anayecheza upande huo anapanda na kushuka. Mwenzake wa upande wa jua akishapanda mara mbili anabaki nyuma, na mchezo mzima unahamia kivulini. Winga anajiangusha, daktari anaingia, na kabla hajafungua begi wachezaji kumi wameshakimbilia mstari wa pembeni kugombea chupa za maji. Sisi jukwaani tunazomea kwamba wanapoteza muda. Hawapotezi muda, wamezidiwa.

Halafu Jumatatu tunakaa vijiweni kulalamika kwamba ligi haina ladha, kwamba wachezaji wazawa hawana pumzi. Mpira wa kukabia juu, yaani kumbana mpinzani kwenye eneo lake mwenyewe, unataka mapafu. Mimi ni Simba, na bado inaniuma kutaja tarehe 5 Novemba 2023, lakini mfano ni mzuri. Yanga ya kocha Gamondi ilitufunga 5-1, na manne kati ya mabao yale yalikuja kipindi cha pili: Max Nzengeli mawili, Aziz Ki moja, Pacome akamalizia kwa penalti. Wale watu walikuwa bado wanakimbia wakati sisi tumekata pumzi. Mechi ile ilichezwa jioni. Chukua wachezaji wale wale, wapeleke Pwani saa nane ya Februari, uone kama utapata mpira ule. Utapata mipira mirefu, faulo za katikati ya uwanja na bao moja la kona.

Na hili halimhusu mchezaji peke yake. Mnamkumbuka Janny Sikazwe, refa wa Zambia? Tarehe 12 Januari 2022 kule Limbe, Cameroon, kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON), Tunisia na Mali zilianza kucheza saa nane mchana. Sikazwe akapuliza filimbi ya mwisho dakika ya 85, akashtuliwa, mpira ukaendelea, akapuliza tena sekunde chache kabla dakika 90 hazijatimia. Dunia nzima ilimcheka, na hapa kwetu watu walimtengenezea vikatuni. Baadaye ikaelezwa kwamba joto lilikuwa limemzidia, akapata matibabu. Huyu ni mtu aliyechezesha Kombe la Dunia la 2018, si refa wa kuokoteza. Ubongo ukichemka, uzoefu haukusaidii.

Wenzetu wameshaanza kushtuka. Kombe la Dunia la Qatar 2022 lilihamishiwa Novemba na Desemba kwa sababu ya joto la kiangazi cha kule. Juni 2025, kwenye Kombe la Dunia la Klabu nchini Marekani, wachezaji wa akiba wa Borussia Dortmund walitazama kipindi cha kwanza dhidi ya Mamelodi Sundowns wakiwa chumba cha kubadilishia nguo, ili wasikae juani mjini Cincinnati. Desemba 2025 FIFA wakatangaza kwamba kila mechi ya Kombe la Dunia la 2026 ina mapumziko ya maji ya dakika 3 kila kipindi, liwe jua au baridi. Chama cha wachezaji duniani, FIFPRO, kinataka zaidi ya hapo. Kuna kipimo kinaitwa WBGT, kinachojumlisha joto, unyevunyevu, jua na upepo. FIFPRO wanasema kikifika nyuzi 26 mpira usimame watu wanywe maji, kikivuka 28 mechi iahirishwe. FIFA kwa miaka mingi walikuwa wanasubiri 32 ndipo waruhusu mapumziko. Mtu wa Dar anaelewa kwa nini unyevunyevu unahesabiwa: jasho halikauki, linabaki mwilini, na mwili haupoi.

Sasa hoja ya wanaopinga, ambayo nimeisikia mara nyingi: joto lilikuwepo tangu enzi za kina Sunday Manara, nyota wa miaka ya sabini, watu walicheza na mpira ulikuwa mtamu. Nawaheshimu wanaosema hivyo, ila dunia ya sasa si ile. Mwaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko yote tangu vipimo vianze, na Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilisema wastani wa joto ulizidi ule wa kabla ya viwanda kwa takriban nyuzi 1.55. Mvua za vuli za 2023, zile za mafuriko ya Somalia na Kenya, zilichunguzwa na wanasayansi wa World Weather Attribution. Walisema mabadiliko ya tabianchi yaliongeza ukali wake hadi mara mbili. Sisemi kila mvua kubwa ni tabianchi. Masika ni masika. Lakini anayetetea ratiba kwa hali ya hewa ya miaka ya sabini anatetea hali ya hewa ambayo haipo tena.

Kwenye mvua ndipo mimi ninapoumia zaidi. Mei 2025 Simba tulikuwa fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya RS Berkane ya Morocco. Tumefungwa 2-0 kwao, tunataka kugeuza matokeo nyumbani, Uwanja wa Mkapa, Dar, mbele ya watu 60,000. Eneo la kuchezea likawa halifai baada ya mvua, CAF, shirikisho la soka la Afrika, wakaihamishia mechi Amaan, Zanzibar, uwanja wa watu 15,000. Wazanzibari walitupokea vizuri mno na nawashukuru. Joshua Mutale akafunga mapema, tukawa na matumaini, ikaisha 1-1 na kombe likaenda Morocco. Siwezi kusema kwa Mkapa tungeshinda. Nasema tulinyimwa Mkapa, kwenye mechi kubwa kuliko zote ambazo klabu ile imecheza kwa miaka mingi.

Mtaniambia hilo ni suala la mifereji na matunzo ya nyasi, si tabianchi. Nakubali nusu. Uwanja wenye mifereji mizuri unakunywa maji, na wahusika wabanwe kwa hilo. Lakini kwa nini kila msimu wetu unafika patamu Aprili na Mei, masika ikiwa imeshika? Kwa sababu kalenda ni ya Agosti hadi Mei. Mwaka 2017 CAF waliamua mashindano ya klabu yafuate mwendo huo, uende sambamba na Ulaya. Wakenya walikuwa na ligi ya Februari hadi Novemba, wakaiacha. Kwa hiyo miezi ya kipupwe, Juni na Julai, mvua zimekatika na upepo wa kusi unapuliza, wachezaji wetu wako likizo.

Na angalieni hili: AFCON 2027, tunayoiandaa sisi na Kenya na Uganda, imepangwa Juni na Julai. Wageni watakuja kucheza kwenye hali ya hewa nzuri kuliko zote tulizonazo. Vijana wetu wa ligi tunawabakizia jua la Februari na tope la Aprili. Wala msiniambie CAF hawawezi kusogeza tarehe. AFCON ya Ivory Coast ilitolewa katikati ya 2023 ikapelekwa Januari 2024 kwa kuogopa mvua. Inawezekana ikiwa watu wanataka.

Najua kalenda ya CAF si ya TFF kuibadilisha peke yake, na Simba, Yanga, Azam na Singida haziwezi kucheza msimu wao wenyewe. Lakini saa ya kuanza mechi ni yetu. Hapo wanakuja na hoja ya taa, kwamba viwanja vya mikoani havina. Sasa taa za nini kwenye mechi ya saa kumi? Ikianza saa kumi kamili inaisha kabla ya saa kumi na mbili, na Februari jua la Dar linazama saa kumi na mbili na nusu kupita. Saa nane ipo kwa sababu tunataka mechi tatu kwa siku moja kwenye kisimbuzi. Naelewa, fedha za Azam TV zimebadilisha maisha ya klabu ndogo, mkataba wa matangazo wa 2021 ni wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10 na hakuna anayetaka uvunjike. Mechi ya saa nane ihamishiwe Mbeya au Iringa, ambako mchana unavumilika, au isogezwe siku nyingine. Mtazamaji wa nyumbani naye atapata mpira wenye kasi.

Pale ambapo haiwezekani kabisa, mapumziko ya maji yawe lazima. Sheria ya 7 inaruhusu ya kupooza mwili hadi dakika 3, refa hahitaji kubuni kitu. Kipimo cha WBGT kiwe kwa kamishna wa mechi, kisomwe saa moja kabla ya mpira kuanza, na matokeo yaandikwe kwenye ripoti kama yanavyoandikwa majina ya vikosi.

Kuna anayesema Afrika inatoa kama asilimia 4 tu ya hewa chafu, kwa hiyo walioharibu ndio wahangaike. Ni kweli waliharibu wao, na walipe. Ila beki wangu wa kulia anacheza Jumamosi hii.

Naomba sana waliocheza au wanaocheza madaraja ya chini, Championship na First League, watueleze, maana kule kamera ni chache na hatuoni mengi. Mnaanza saa ngapi? Maji mnaletewa na nani? Na mtu akianguka juani, kuna gari la wagonjwa pembeni ya uwanja?