Prado KZJ95 imeua injini Kitonga: nirudishe 1KZ, nipande 1KD, 1HZ, au nihamie petroli?

Msafiri wa Makambako

Wakuu, heshima kwenu. Nina Prado KZJ95 ya 1997, gia za mkono, injini yake ya kuzaliwa ni 1KZ-TE, dizeli ya Toyota yenye tabo. Ilikuwa ya marehemu baba mdogo, kwa hiyo ushauri wa "uza ununue nyingine" naomba muuache mlangoni, nyumbani hauingii.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa napandisha mlima Kitonga nyuma ya semi lililobeba mbolea. Kulipita haiwezekani, tunakwenda mwendo wa mtu anayetembea. Kona ya tatu mshale wa joto ukaanza kupanda. Nilipopata pa kuegesha maji yalishatoka yote kwenye tanki dogo na boneti inafuka. Nikakosea, na nakiri: baada ya dakika 20 nikaongeza maji nikawasha tena ili nifike Ilula.

Fundi wa Iringa ameifungua. Hedi (kichwa cha injini) ina ufa kati ya valvu za silinda ya tatu, na ukuta wa silinda hiyo umechanika. Ukipitisha kucha inakwama. Anasema nitafute injini nzima.

Nimezunguka kwa simu kwa wauza spea wa Gerezani na Ilala, Dar. 1KZ ya mtumba ndiyo rahisi kuliko dizeli zote nilizotajiwa. 1KD inakaribia mara moja na nusu ya hiyo, 1HZ karibu mara mbili. Kuna aliyenipa 3RZ ya petroli kwa bei ya kuchekesha. Matumizi yangu: Dar mara mbili kwa mwezi, na shamba la miti upande wa Njombe, ambako masika udongo mwekundu unafika kwenye magurudumu yote. Mngekuwa ninyi mngefanyaje?

Dizeli Mzee

Pole sana mdogo wangu. Kabla ya injini, nijibu hili: feni yako ulipoishika kwa mkono injini ikiwa ya moto na imezimwa, ilikuwa inazunguka kirahisi?

Nauliza kwa sababu watu wanailaani 1KZ bila kuijua. Hedi yake ni ya alumini, na chumba cha kuwashia mafuta kiko ndani ya hedi hiyo hiyo, kwa hiyo joto lote linaishia pale juu. Haisamehi kuchemka hata mara moja. Lakini haichemki yenyewe! Feni ya mbele inaendeshwa na kaplingi yenye mafuta mazito ya silikoni. Injini ikipata moto, kaplingi inatakiwa kushika feni kwa nguvu. Miaka 20 na ushee mafuta yale yanavuja kidogo kidogo, feni inabaki kuzunguka kivivu. Barabara tambarare hujui chochote, upepo wa mwendo unapoza rejeta. Ukija Kitonga nyuma ya semi, upepo hakuna, tabo inafanya kazi ngumu, feni imelala. Kwisha.

Ukiweka 1KZ nyingine ukaacha kaplingi ile ile na rejeta ile ile, tutaonana hapa mwakani na uzi mwingine.

Kura yangu ni 1KZ. Maunting ni zile zile, giaboksi ile ile, waya zile zile, pampu unaijua. Fundi wa Makambako ataifunga bila kumpigia mtu simu.

Kontroli Boksi

Mzee nakuheshimu, ila mwaka huu bado tunashauriana injini ya miaka ya 90? 1KD ina ujazo ule ule, sentimita za ujazo 2,982, lakini valvu ni 16 na mafuta yanasukumwa kwa presha kubwa ya reli moja. Kule Japani Prado 95 za kuanzia 2000 zilitoka nayo, kwa hiyo inakaa kwenye boneti hiyo bila kukata kitu. 1KZ ikijitahidi sana inatoa farasi 145; 1KD ya Japani ilikuwa 170. Na mafuta inakula kidogo.

Sharti ni moja: usinunue injini tupu. Nunua na waya zake zote, kontroli boksi (kompyuta ya injini), pedali ya mafuta (ni ya umeme), sensa na ufunguo wake. Nimeshapokea magari mawili ambayo mwenye gari alinunua "injini kamili", halafu tukakaa wiki tatu tunatafuta kontroli boksi. Bei ya kuifukuzia inamaliza ile nafuu yote.

Dizeli Mzee

Na shaba za nozeli huzitaji, kijana?

Kontroli Boksi

Nilikuwa nakuja huko, Mzee 😀 Ni kweli. Zile washa za shaba chini ya nozeli (vinyunyizio vya mafuta) zikichoka, moshi unapita unaingia kwenye oili, oili inakuwa lami, chujio la kunyonyea ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) linaziba na injini inakosa oili bila wewe kujua. Ukinunua 1KD, badilisha washa zote nne na ufungue sampu uangalie chujio kabla haijaingia kwenye gari. Za katikati ya miaka ya 2000 kuendelea zina habari za pistoni kupasuka, kwa hiyo mimi ningetafuta ya mwanzo.

Jambo la pili ni mafuta. Uchakachuaji, yaani kuchanganya dizeli na mafuta ya taa, umepungua tangu kodi ya mafuta ya taa ilipopandishwa 2011, lakini dizeli ya kwenye madumu huko shambani usiiguse. 1KZ itakohoa na kuendelea. 1KD itakudai nozeli nne.

Mkulima wa Nanyuki

Habari zenu ndugu wa Tanzania. Mimi niliweka 1HZ kwa Prado kama hiyo, nikaendesha miaka minne, kwa hivyo nitasema ukweli wote.

Injini yenyewe ni baraka. Silinda sita, lita 4.2, hedi ya chuma cha kusubu, haina tabo, haina kompyuta. Lakini hiyo ni injini ya Land Cruiser kubwa, ni ndefu. Tulisogeza rejeta mbele, tukakata na kuchomelea upya sampu kwa sababu ilikuwa inakaa juu ya difu ya mbele, tukatafuta adapta ya giaboksi. Springi za mbele zikalala, nikabadilisha. Pesa niliyolipa kwa kuchomelea ilikuwa nyingi kuliko ile ya injini. Na baada ya hayo yote mlima haipandi kwa kasi kuliko 1KZ iliyo na afya, kwani nguvu yake ni farasi kama 130 hivi na gari imekuwa nzito. Inapanda polepole, bila wasiwasi, siku nzima.

Kama ningekuwa na gari ya kazi ya boma pekee, ningerudia. Ya safari ndefu, hapana. Na hapa kwetu lazima upeleke mabadiliko ya namba ya injini NTSA (mamlaka ya usafiri ya Kenya), ukaguzi ufanyike, la sivyo siku ya kuuza utalia.

Msafiri wa Makambako

Mkulima asante, 1HZ nimeifuta. Mzee, nimemuuliza fundi kuhusu feni. Anasema aliizungusha kwa kidole kimoja.

Dizeli Mzee

Basi muuaji umempata.

Baba Swabra, Sharjah

Assalaam alaykum. Niko huku kwenye mayadi ya spea za mtumba mwaka wa tisa, injini nyingi mnazoziona Dar zinapita mikononi mwetu. Niwaambie tunavyoziona.

Injini iliyooshwa iking'aa na kupakwa rangi ya fedha, mimi naiogopa kuliko iliyojaa vumbi. Vumbi halina nia mbaya. Fungua kifuniko cha oili uangalie chini yake: ukiona kitu kama maziwa ya mgando, maji yalishaingia. Chungulia matundu ya maji kwenye hedi: kutu nyekundu maana yake ilitumia maji ya bomba maisha yake yote. Ya kijani au pinki iliyokauka, hiyo ilitunzwa.

Kwa 1KZ kuna kipimo kimoja kinachoshinda maneno. Iwashwe ikiwa baridi kabisa, iwekwe kwenye rejeta hata ya kuazima. Shika hozi ya juu. Ikiwa ngumu kama tairi la baiskeli ndani ya dakika moja na maji bado baridi, gesi inaingia kwenye maji. Hedi imekwisha, ondoka. Muuzaji akikataa kuiwasha, pia ondoka.

Na ombeni nyaraka za forodha pamoja na risiti. Namba ya injini iko kwenye kadi ya gari, mtaenda kuibadilisha TRA, na bila karatasi mtaonekana mmeiokota.

Sukari ya Petroli

Hakuna anayeitetea 3RZ? Lita 2.7, cheni badala ya belti, zimejaa kwenye Hilux na Hiace, spea hata Tunduma unapata. Kimya, haina tabo.

Kontroli Boksi

Ni injini nzuri, tatizo si lake. Gari ni ya dizeli: tanki lisafishwe, pampu ya ndani ya tanki iwekwe, waya mpya, ekzosi mpya, na kwenye kadi ubadilishe hadi aina ya mafuta. Halafu Makambako–Dar na mzigo, kituo cha mafuta utakijua kwa jina.

Msafiri wa Makambako

Mrejesho, wakuu. Nimechukua 1KZ.

Ya kwanza niliyoenda kuiona Gerezani ilikuwa imepakwa rangi ya fedha, muuzaji ananiita bosi kila sentensi. Nikaomba tuiwashe. Akasema betri hakuna. Nikamwambia nimekuja nayo kwenye teksi. Akakumbuka ana mgeni.

Ya tatu ilikuwa chafu, ina majani makavu juu ya tabo. Tukaiwasha, nikashika hozi dakika tano nzima hadi wakaanza kunicheka. Ilibaki laini, ikapata joto taratibu. Bei waliyoanza nayo tumeipunguza kidogo tu, sikubishana sana.

Hedi imefunguliwa na kupelekwa kupimwa kwa presha kabla ya kufungwa, gasketi mpya, taiming belti mpya, themostati mpya. Kaplingi ya feni mpya na rejeta mpya. Hivyo viwili vimenichoma kuliko nilivyotarajia. Nimeongeza geji ya joto ya pembeni, maana Baba Swabra alinitumia ujumbe kwamba ule mshale wa dashibodi unakaa katikati hata mambo yakiwa yameshaanza kuharibika.

Jana nimepanda Kitonga, tena nyuma ya lori. Kona ya tatu nilizima redio. Feni ilishika, nikaisikia inaunguruma kama ndege ndogo, sauti ambayo gari hii haijawahi kuitoa tangu niijue. Geji ilipanda hadi nyuzi 96, ikasimama, tulipofika juu ikarudi 88.

Hedi ya zamani iko uani. Mama mdogo anataka kujua kama anaweza kuwekea maua.