Naomba ushauri: mkodisha gari anataka ZanID (kitambulisho cha Mzanzibari) na arbuni kabla sijaiona gari

Assalaam alaykum ndugu zangu. Shemeji yangu anakuja na familia yake kutoka Muscat, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumtafutia gari ya kukodi, waichukue pale pale uwanja wa ndege wa Zanzibar, Kisauni. Nimempata jamaa kwa WhatsApp. Ana Noah, na bei yake iko chini kuliko wote niliowauliza (hilo peke yake limenitia wasiwasi).

Anataka picha ya ZanID yangu mbele na nyuma, leseni na pasipoti ya shemeji, tena nijipige picha nimekishika kitambulisho. Juu ya hayo anataka nusu ya pesa kama arbuni, kwa namba ambayo jina linalotoka si lake. Anasema ni la mkewe. Pengine kweli.

Nimeomba kuiona gari, akanambia iko Nungwi na wageni. Nimeomba picha ya kadi ya gari, kanipa namba ya gari tu. Nimeihakiki kwenye mfumo wa TIRA (mamlaka ya bima), bima ipo hai, lakini hiyo hainambii kama gari ni yake. Namba hata mpita njia anaisoma.

Mnaokodisha au mliowahi kukodi: hiyo picha ya kushika kitambulisho ni kawaida, au nitoe kopi tu, niandike juu yake “kwa kukodi gari tu” na tarehe? Na nikisema sitoi hata shilingi mpaka tuonane na kadi mkononi, mwenye gari wa kweli atakubali? Shemeji anafika wiki ijayo, na jamaa kishaanza kunipigia kuniharakisha.